Msaidizi wa simu na orodha ya kazi: mpangilio unaofaa Lubumbashi

Kabla ya kumwambia msaidizi chochote, fungua Paramètres, ingia Date et heure, angalia Fuseau horaire. Nchi yetu, Kongo, ina majira mawili: Kinshasa iko UTC+1, Lubumbashi iko UTC+2, sawa na Zambia ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Ukikuta Kinshasa, weka Lubumbashi. Wengi hupita njia ya mkato: wanaacha Kinshasa, kisha wanasogeza saa mbele kwa mkono. Kioo kinaonyesha saa sahihi, ila simu yenyewe imedanganywa. Ofisi ya Kinshasa ikikutumia kwenye kalenda mkutano wa 9:00, simu iliyopangwa vizuri itauonyesha 10:00. Ile iliyosogezwa kwa mkono itauonyesha 9:00, nawe utakaa mbele ya kamera saa nzima peke yako.

Pili, lugha. Google Assistant na Siri hawapokei amri kwa Kiswahili. Zungumza nao Kifaransa. Gemini, ambaye Google inamweka mahali pa Assistant kwenye simu za Android, anasoma Kiswahili na kukijibu, ila kujibu si sawa na kutenda. Anaweza kukuambia kazi imeongezwa na usiione popote. Kwa hiyo kila baada ya amri fungua programu yenyewe, Google Tasks kwa Android au Rappels kwa iPhone, uhakikishe mambo matatu: kazi ipo, tarehe ni ile, saa ni ile.

Amri ya sauti iwe fupi: « Rappelle-moi demain à 17 heures d'appeler le fournisseur. » Usitie majina ya watu humo. Kifaransa cha mashine hakimjui Papa Ngoy wala Mama Mwamba, na ukumbusho wenye jina lililopotoka hauna maana siku tatu baadaye. Acha amri ibebe tendo, tarehe na saa tu, kisha gusa kazi hiyo urekebishe kichwa chake kwa Kiswahili. Kama kuandika kunakuchosha, tumia Gboard, kibodi ya Google: mipangilio ya kibodi, Langues, ongeza Swahili, halafu bonyeza kipaza sauti. Kuandika kwa sauti kwa Kiswahili kumo tangu 2017, kwa matamshi ya Kenya na Tanzania. Ukisema « niko natumika » kama tunavyosema Lubumbashi, au ukichanganya Kifaransa katikati, maandishi yanavurugika. Sema polepole, Kiswahili cha shule.

Saa iandike kwa tarakimu za saa 24. « Saa kumi na moja jioni » msaidizi anaweza kuigeuza kuwa 11:00 au 23:00. Ukiandika 17:00 hakuna cha kubishania.

Sasa kazi zenyewe. Kosa la kawaida ni kuandika jina la jambo badala ya tendo. « Harusi » si kazi. Tuseme fundi mshonaji wa Kamalondo amepokea vikwembe vya sare ya harusi, nguo 12, arusi ni Jumamosi. Kazi kuu iitwe « Kukabidhi nguo 12 kwa Mama Mwamba », Ijumaa 15:00. Ndani ya kazi hiyo, ongeza kazi ndogo, kila moja na tarehe yake, ukihesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Kudai salio: Ijumaa ileile, kabla nguo hazijatoka mlangoni. Vifungo na pasi: Alhamisi asubuhi. Kujaribisha: Jumanne, kwa sababu nguo ikibana lazima ibaki siku nzima ya kufumua na kushona upya. Kukata: Ijumaa ya wiki iliyotangulia. Zipu na kitambaa cha ndani: siku moja kabla ya kukata, na idadi iandikwe palepale kwenye kichwa, « zipu 8, kitambaa cha ndani mita 10 », maana sokoni utasoma ukiwa umesimama, mkono mmoja umeshika mfuko.

Kwa nini pasi iwe Alhamisi asubuhi na si usiku wa kuamkia Ijumaa? Kwa sababu ya umeme. Ukikatika Alhamisi, unayo siku nzima ya kuungojea au kutafuta pasi ya makala, yaani ya makaa. Msaidizi hajui habari za SNEL, shirika la umeme; ni wewe unayempa nafasi hiyo. Kila kazi inayotaka umeme iweke angalau nusu siku kabla ya saa yake ya mwisho.

Vipimo, avansi iliyolipwa na salio viandike kwenye sehemu ya maelezo, si kwenye kichwa. Kichwa kirefu hukatwa kwenye arifa, na kinachokatwa ni mwisho wake, mahali ambapo watu hupenda kuweka jambo muhimu.

Kazi zinazorudi ndizo msaidizi anazofanya vizuri kuliko mtu. Duka linalotoza TVA, kodi ya ongezeko la thamani, lina tamko la kila mwezi, mwisho tarehe 15. Weka ukumbusho tarehe 8 wa kukusanya fakturi na mwingine tarehe 12 wa kupeleka. Kodi ya nyumba, ada ya shule, mafuta ya jenereta, vyote weka virudi vyenyewe. Epuka tarehe 31 tu: miezi mitano haina siku hiyo, na ukumbusho unaweza kuruka mwezi mzima bila kukuarifu. Tarehe 28 haina shida hiyo.

Malalamiko makubwa ya watu ni kwamba ukumbusho haukulia, na mara nyingi sababu iko kwenye simu. Simu za Tecno, Infinix na itel zina utaratibu mkali wa kuokoa betri unaozima programu zilizo nyuma, na nyingi huja na Phone Master, programu ya kusafisha simu. Ukibonyeza kusafisha, unaua na Tasks pamoja na takataka. Ingia Paramètres, Applications, tafuta Tasks, fungua Batterie, ondoa kizuizi. Mahali palipo na orodha ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe, iruhusu. Kisha Notifications: tangu Android 13 programu haiwezi kutoa arifa kabla hujaikubalia, na watu wengi waligusa « Ne pas autoriser » siku ya kwanza bila kusoma. Tatu, ruhusa ya Alarmes et rappels, kama simu yako inaionyesha kwa programu hiyo. Kwenye Android 14 programu nyingi mpya huingia bila ruhusa hiyo.

Kuna tatizo jingine ambalo watu hawalishuku. Betri imeisha usiku, umeme umerudi alfajiri, simu imechajiwa na mtu ameiwasha, lakini hakuna aliyeweka namba ya siri. Hapo programu nyingi bado zimelala, na ukumbusho wa 6:00 unapita kimya. Simu ikishawaka, ifungue kwa namba yako mara moja, hata kama unarudi kulala.

Pia tofautisha ukumbusho na kengele. Ukumbusho hutoa mlio mmoja kisha hukaa kwenye orodha ya arifa; ukiwa kwenye soko la Kenya hapa Lubumbashi au karibu na kinu cha unga hutausikia. Kengele ya saa hulia mpaka uizime, na haihitaji intaneti. Basi la Kolwezi la alfajiri, dawa ya mtoto, kuamka kwenda Kasumbalesa kabla foleni ya malori haijakua: hizo ni kengele, « Mets un réveil à 4 heures ». Mengine yote yabaki ukumbusho. Ukifanya kila kitu kengele, baada ya wiki moja utakuwa unazima bila kusoma.

Kuhusu mega, yaani data ya intaneti: amri ya sauti kwa kawaida hutaka mtandao, lakini kuandika ndani ya Tasks hakuhitaji. Ukiwa huna forfait (kifurushi), andika tu. Kazi itapanda kwenye akaunti yako simu itakapopata mtandao. Mpaka hapo usitegemee kuiona kwenye kompyuta ya kazini, na jambo la asubuhi inayofuata liwekee kengele.

Orodha ngapi? Mbili zinatosha, kazi na nyumba. Anayefungua orodha saba anaishia kutafuta kazi yake iko orodha ipi, na msaidizi naye mara nyingi huweka amri zako kwenye ile ya kwanza. Asubuhi soma orodha kabla ya WhatsApp, chagua tatu ambazo lazima ziishe leo, uziwekee nyota. Kazi uliyoiahirisha mara nne ifute, au ipunguze mpaka iwe tendo la dakika kumi: « kurekebisha duka » ikiwa « kupima urefu wa rafu ».

Orodha ya nyumbani ina shida moja: Google Tasks haikuruhusu kumshirikisha mke, mume au mtoto orodha yako binafsi. Kwa unga wa bukari, mafuta, sombe na makala tumia Google Keep: fungua noti mpya yenye visanduku vya kutia alama, gusa alama ya kuongeza mtu, andika anwani yake ya Gmail. Aliye sokoni akitia alama kwenye mafuta, aliye nyumbani ataona, mradi wote wawili wana mtandao. Andika kiasi kila mara, kilo 25 na si « unga ».

Usiandike kwenye kazi namba ya siri ya M-Pesa wala ya Airtel Money, wala mahali pesa zilipowekwa. Arifa hutokea kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa, na aliyeketi pembeni yako kwenye taksi anasoma. Katika mipangilio ya kioo kilichofungwa, chagua kuficha yaliyomo.

Mwisho, akaunti. Simu ya mkono wa pili wakati mwingine bado ina akaunti ya mwenye zamani, au ina mbili zako, ya kazi na ya nyumbani. Gusa duara lenye picha au herufi juu kulia ndani ya Tasks, usome anwani iliyoko. Kazi « zilizopotea » mara nyingi ziko kwenye anwani ya pili. Ukinunua simu mpya, ingia kwa anwani ileile, orodha itarudi yenyewe. Ile ya zamani usiiuze kabla ya kuondoa akaunti yako kwenye mipangilio, kisha uifute yote, kwa mpangilio huo. Ukiifuta bila kutoka kwenye akaunti kwanza, mnunuzi anaweza kuombwa anwani yako na nywila yako, na atarudi dukani kwako kudai pesa zake.