Maiki gani ununue kama unashuti video zako Dar kwa simu

Watu wengi wanaoanza kutengeneza video wananiuliza wanunue simu gani, na mi kila mara nawarudisha kwenye sauti, kwa sababu picha ikiwa na giza kidogo mtazamaji anavumilia ila akisikia unaongea kama umo ndani ya pipa huku bodaboda zinapita anasogeza kidole na kukuacha hapo hapo. Kwa hiyo kama una laki moja au mbili na simu yako bado inapiga picha vizuri, hiyo hela peleka kwenye maiki.

Kitu cha kwanza kuelewa ni umbali. Simu ukiiweka kwenye tripodi mita mbili kutoka ulipo, maiki yake nayo iko mita mbili, na kila unapoongeza umbali mara mbili sauti yako inashuka kama desibeli 6, wakati honi za daladala na jenereta la jirani havishuki kwa sababu vyenyewe vimekuzunguka pande zote. Ndo maana maiki ya bei ndogo iliyobanwa kifuani, kama shibiri moja kutoka mdomoni, inaishinda ya bei mbaya iliyokaa juu ya kamera kule mbali. Hili ukilishika umeshajua nusu ya kazi.

Na kabla hujatoa hata mia, chukua simu ya pili nyumbani, hata ile yenye kioo kilichopasuka, fungua rekoda yake, iweke mfuko wa shati, piga kofi moja mbele ya kamera alafu anza kuongea. Ukija kuediti kwenye CapCut unapanga lile kofi la kwenye sauti liendane na lile la kwenye picha, unazima sauti ya kamera, umemaliza. Kuna watu wamefanya kazi hivi miezi mingi na video zao zinasikika safi kabisa.

Ukitaka kununua sasa, mi naanzia maiki ya waya ya kubana kwenye kola. Boya BY-M1 ni mfano mzuri, ina waya wa mita 6 na kiswichi cha kuchagua simu au kamera, ukiweka kwenye kamera inatumia kibetri kidogo cha LR44 kwa hiyo kumbuka kukirudisha kiswichi upande wa simu ukimaliza. Ila hapa kuna mtego wa jeki, kile kichwa cha waya unachochomeka, na naomba uuangalie vizuri. Jeki ya simu ina mistari mitatu myeusi, ya kamera ina miwili. Ukichomeka ya mistari miwili kwenye simu, mara nyingi simu haioni kwamba kuna maiki, inaendelea kurekodi kwa maiki yake yenyewe na wala haikwambii.

Hilo lilinikuta Feri, soko la samaki. Nilikuwa namrekodi mama mmoja anayekaanga samaki pale, nimembana maiki kwenye khanga yake, najiona nimejipanga, na yeye ananieleza kwamba hatumii saa wala nini, anasikiliza karai, samaki akiingia analia kwa nguvu, akianza kupunguza kelele maji yameisha, akinyamaza unamtoa. Maneno matamu yale. Nafika nyumbani naskiliza, ni ndoo zinagongana, watu wananadi, upepo wa bahari, na mama yuko mbali kule kama anaongea na mtu mwingine. Muuzaji alinipa waya wa kamera na mi sikujua kutofautisha. Ilibidi nirudi siku nyingine nimuombe tena, bahati nzuri alikubali, na safari ile hata mlio wa karai uliingia.

Toka siku ile kuna kitu sikiachi: nikishachomeka maiki narekodi sekunde chache, naigonga kwa ukucha, alafu naigonga simu yenyewe, alafu nasikiliza kwa hedifoni. Maiki ikisikika nguvu zaidi niko salama. Simu ikisikika nguvu zaidi, maiki haifanyi kazi hata kama taa inawaka.

Zile zisizo na waya ndo kila mtu anazitaka saivi, na kweli ukiwa unatembea zinasaidia. Zile za bei chee zinazoitwa K9 zinafaa kujifunzia ila jua mipaka yake. Nyingi zinatumia masafa ya 2.4 GHz, hayo hayo ya WiFi na Bluetooth, kwa hiyo katikati ya Kariakoo palipojaa simu na ruta sauti inaweza kukatika katika. Mwili wa mtu nao unazuia mawimbi, ukigeuka ukaipa simu mgongo inaweza kupotea. Na kile kitufe chake cha kupunguza kelele mi nakizima, kinakula kelele pamoja na herufi za mwisho za maneno. Ukiwa na uwezo zaidi tafuta inayohifadhi sauti ndani yake yenyewe, kama DJI Mic 2 ambayo ina memori ya GB 8 kwenye kila kidude cha kubana kwenye nguo, mawimbi yakikatika rekodi bado unayo, na kwa mtu anayeshuti harusi au mahojiano ambayo hayarudiwi hiyo ni amani ya moyo. Angalia pia tundu la simu yako: iPhone kuanzia 15 zina tundu la USB-C, za nyuma ya hapo zina Lightning.

Kama wewe ni wa kukaa chumbani na kuongea, usikimbilie zile maiki kubwa za studio zinazouzwa na stendi na sponji kama BM-800. Zinanasa kila kitu, pangaboi, friji, mpaka kuku wa uani, na nyingi zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, kile kiboksi cha kuunganishia maiki, ukizichomeka moja kwa moja kwenye simu unapata sauti hafifu au usipate kabisa. Nyumba zetu za Sinza na Mwananyamala hazina ukimya huo. Chukua maiki ya dainamiki, zile za kushika jukwaani zinazosikia zaidi cha karibu, aina ya Shure SM58 ambayo iko sokoni tangu 1966, au Samson Q2U ambayo ina na USB, ongea nayo karibu kabisa, kelele za mbali zitabaki mbali. Zima pangaboi wakati unarekodi, jasho utalifuta baadaye. Chumba kikiwa na mwangwi simamisha godoro nyuma ya kamera, funga mapazia. Mvua ikianza kupiga bati, we acha tu.

Coco Beach au popote penye upepo, sponji peke yake haitoshi, inasaidia zaidi pumzi ya mdomoni. Unahitaji kile kifuniko cha manyoya, ni cha hela ndogo, na simama mgongo wako uzuie upepo.

Kwenye levo, yaani kipimo cha nguvu ya sauti inayoingia, hakikisha sauti yako inafika kama desibeli -12 ukiongea kwa nguvu na isiguse 0, ikigusa inapasuka na iliyopasuka hairudi. Programu ya Blackmagic Camera ni ya bure, ipo iPhone na baadhi ya Android, inakuonyesha vipimo hivyo. Kwenye mpangilio wa sauti, palipoandikwa sample rate, weka 48 kHz.

Ukienda kununua Kariakoo nenda na simu yako mwenyewe na hedifoni zako, usikubali kujaribiwa kwa simu ya dukani. Chomeka, fanya ile ya ukucha, kama ni isiyo na waya mwachie muuzaji simu au mwenzako aishike, we toka nje tembea hatua kumi na tano huku unahesabu moja mpaka ishirini, rudi usikilize kama namba zote zipo. Muuzaji akinuna kwa hilo hamia duka la pili, yako mengi pale. Namba zikiwa zimetimia ndo utoe hela, na udai risiti.