Kona Kwanza: Kujenga Ukuta wa Mawe ya Mashine Usiopasuka

Nikifika kwenye mjengo wa mtu mwingine, macho yangu huenda kwenye kona, kisha pale ukuta wa chumba unapokutana na ukuta wa nje. Sehemu hizo mbili hunieleza karibu kila kitu. Nyufa nyingi ninazoitwa kurekebisha hapa Nakuru zimeanzia hapo, na plasta mpya huzificha msimu mmoja tu wa mvua. Basi nawaandikia vijana ambao tayari wanajua kushika mwiko, na wanaotaka kuta zao zisimame wima hata baada ya miaka.

Kabla ya jiwe la kwanza, tengeneza fimbo ya kozi, yaani ya kupimia kila safu ya mawe. Chukua ubao ulionyooka, uchore alama kila milimita 215: jiwe la milimita 200 na mota (simiti na mchanga) ya 15. Alama ya kumi itakuwa milimita 2150 juu ya slabu ya zege. Sakafu na vigae vikichukua milimita 50, mlango wa 2100 unaingia sawasawa chini ya linta, ile boriti ya juu ya mlango, hutalazimika kukata mawe wala kujazia vipande. Mawe ya machimbo yetu, ingawa yamekatwa kwa mashine, hayalingani. Moja lina 195, lingine 210. Alama ya fimbo ndiyo juu ya jiwe, siku zote. Jiwe fupi linaongezewa mota chini, jiwe refu linachongwa kwa patasi. Usikubali mota ishuke chini ya milimita 10 wala ipite 20.

Sasa kona. Pima mraba kwa 3, 4 na 5: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari uwe mita 5 kamili. Kwa nyumba kubwa tumia 6, 8 na 10, maana kosa dogo kwenye kipimo kifupi hukua ukifika mwisho wa ukuta. Jenga kozi nne kwenye kila kona, ukishuka ngazi kwa ngazi kuelekea katikati. Kila jiwe liangukie katikati ya mawe mawili ya chini. Likishindwa kabisa, lipite kiungo cha chini kwa angalau robo ya urefu wake. Timazi ipigwe nyuso zote mbili za kona, kila kozi. Halafu weka ubao mshazari kwenye uso wa ukuta: ukiona mwanga chini yake, ukuta umejikunja, hata kama timazi inakubali. Kona zikiwa tayari, vuta uzi, ujaze katikati. Jiwe lisiguse uzi. Acha nafasi ndogo kama unene wa kadi ya simu, kwa sababu jiwe moja likiusukuma, yote yanayofuata yatausukuma zaidi.

Jiwe letu ni la volkeno, lina vitundu, na linakunywa maji. Mwaga maji kidogo juu yake uone jinsi yanavyopotea. Ukiliweka kavu, litafyonza maji ya mota kabla simiti haijashika, na mota itakuwa unga. Lowesha mawe mapema, yawe na unyevu bila kudondosha maji. Mota ya ukuta wa kubeba uzito mimi nachanganya mfuko mmoja wa kilo 50 kwa wilibaro mbili za mchanga uliochekechwa. Ikianza kushika kwenye karai, mwaga. Kuiongezea maji ilainike tena ni kumwibia mwenye nyumba.

Kiungo cha wima ndicho kinachodharauliwa zaidi. Fundi anapaka mota usoni mwa ukuta, ndani kunabaki tupu, na msimamizi anasema, “Weka tu, fundi, plasta itaficha.” Plasta haibebi ukuta. Paka mota kichwani mwa jiwe kabla ya kulisukuma kwa mwenzake, kisha jazia kutoka juu na uichome kwa ncha ya mwiko hadi ikatae kushuka.

Hupu aini, yaani utepe wa chuma wa kufunga ukuta, ya upana wa milimita 25 na unene wa geji 20, inakaa kila baada ya kozi moja. Tandaza mota kwanza, ikandamize ndani, kisha mota nyingine juu; ikilala kwenye jiwe kavu haishiki chochote. Ifute mafuta. Iwe mbali na uso wa ukuta ili isishike kutu haraka. Kwenye kona ikunjwe izunguke, isikatwe. Panapounganishwa vipande viwili, mimi huvipitanisha futi nzima. Sisi tunaishi ndani ya Bonde la Ufa: tetemeko la Subukia la tarehe 6 Januari 1928 lilifika kipimo cha 6.9. Ukuta usiofungwa hauna cha kuushika ardhi ikisogea.

Pale ukuta wa chumba unapokutana na wa nje, pandisha zote mbili pamoja, jiwe la ukuta wa chumba likiingia ndani ya ukuta wa nje kozi moja, lisiingie inayofuata. Kazi ikilazimu ukuta mmoja usubiri, acha ngazi. Meno, yaani mawe yanayochomoza kila baada ya kozi moja, yanavutia kwa sababu yanachukua nafasi ndogo, lakini kujaza mota chini ya jino hadi ndani ni kazi ambayo wachache huimaliza vizuri. Na kama ni kiungo kilichosahaulika kabisa, usiitegemee mota ikishike. Chimba mashimo kwenye ukuta wa nje, uingize mawe.

Usipandishe ukuta zaidi ya mita 1.2 hadi 1.5 kwa siku. Mota ya chini ikiwa bado laini, uzito wa juu huisukuma nje. Mwagia ukuta maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Mvua za Machi hadi Mei hapa hupenda kuja alasiri, kwa hiyo funika juu ya ukuta kwa nailoni unapofunga kazi, ukiweka mawe juu yake kwa sababu ya upepo.

Kozi ya mwisho isisafishwe ikawa laini: iachwe na makwaruzo, iloweshwe, ndipo ringi bimu, mkanda wa zege wenye vyuma, imwagwe. Ipite juu ya kuta zote za kubeba bila kukatika, na vyuma vyake vikunjwe vizunguke kona kama hupu aini.