Kumkabili ndugu aliyekula fedha za jumuiya
Kabla hujamwendea mweka hazina wa jumuiya yenu, iwe Temeke au Mbagala, soma 2 Samweli 11 na 12 kwa pamoja. Wengi hurukia ya 12, wakakosa uzito wake: mfalme Daudi alimchukua mke wa Uria, askari wake, kisha akampa Uria mwenyewe barua ya kifo chake aipeleke kwa Yoabu, jemadari wa jeshi. Nabii Nathani alianza na kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake; mfalme akajihukumu kwa kinywa chake, ndipo akaambiwa mtu huyo ni yeye.

Halafu Mathayo 18:15-17: kwanza ninyi wawili, kisha shahidi mmoja au wawili, mwisho kanisa. Usianzie kwenye grupu la WhatsApp. Aliyeaibishwa hujitetea, hatubu. Taja kiasi na tarehe. Akikiri, pangeni siku ya kurudisha.