Uwezekano kwa sehemu: lini ukate, lini usubiri

Mdogo wangu yuko fomu foo na wiki nzima hii jioni tunakaa na hesabu za probabiliti, yaani uwezekano, na nilichokiona ni kwamba uwezekano wenyewe anauelewa vizuri tu, kinachomwangusha ni sehemu, yaani namba kama 1/2 au 3/4, anarahisisha mapema mno halafu anapotea njiani. Naandika tulivyofanya, maana najua kuna wengi wamekwama hapohapo.

Tafuta vizibo vya soda 20 utie kwenye mfuko mweusi. Vya kwetu vilikuwa vyekundu 8, vya njano 5, vya kijani 7. Ukitoa kimoja bila kuchungulia, uwezekano wa kupata chekundu ni ngapi? Chini, kwenye asili, unaandika vyote vilivyomo, 20, juu kwenye kiasi unaandika vile unavyovitaka, 8. Basi ni 8/20. Yeye aliandika 8/12 kwa sababu alilinganisha vyekundu na visivyo vyekundu, nikamwambia mwaga vyote mezani uhesabu, si hata vyekundu navyo vilikuwa mfukoni? Akahesabu mwenyewe mpaka 20 na hakurudia tena hilo kosa.

Sasa kurahisisha, yaani kukata. Tafuta namba kubwa inayogawa juu na chini bila kubaki, ile KKS ya shule ya msingi. Kwa 8/20 ni 4, unapata 2/5. Kama huioni haraka gawa kwa 2 tu, 4/10, gawa tena, 2/5, unafika palepale. Vya njano ni 5/20 ambayo ni 1/4. Vya kijani 7/20 na hapo hamna cha kukata, 7 ni namba tasa na haiingii kwenye 20, iache hivyohivyo usiilazimishe.

Hapa ndo penyewe sasa. Swali likisema chekundu AU cha njano unajumlisha, na kwenye kujumlisha usirahisishe kwanza. Ukishafanya 2/5 + 1/4 itabidi utafute KDS, yaani namba ndogo kabisa inayogawika kwa 5 na kwa 4, utapata 20, uandike 8/20 + 5/20, yaani umezunguka mtaa mzima ukarudi mlangoni ulipotoka! Acha asili ya 20 kama ilivyo, jumlisha, 13/20, halafu ndo uangalie kama inakatika (hii haikatiki).

Swali likisema unatoa viwili, cha kwanza chekundu NA cha pili chekundu, hapo unazidisha, na kwenye kuzidisha ni kinyume chake, kata mapema. Kama hujarudisha cha kwanza mfukoni vinabaki 19 na vyekundu vinabaki 7, kwa hiyo 8/20 × 7/19. Geuza 8/20 iwe 2/5, ukizidisha unapata 14/95 basi umemaliza, kuliko kupiga 56/380 halafu uanze kuhangaika nayo. Ila kama umerudisha kizibo, namba hazibadiliki, inakuwa 2/5 × 2/5 = 4/25. Soma swali mara mbili uone kama kimerudishwa, jibu zima linategemea hilo neno moja.

Karata nazo ni nzuri kwa mazoezi, toa jokeri zibaki 52. Kopa ni 13/52, watu wengi wanaiacha hivyo kwa sababu 13 inaonekana haigawiki, lakini 13 mara 4 ni 52, kwa hiyo ni 1/4. Ree, zile karata za A, ziko 4, 4/52 ni 1/13. Je, ree au kopa? Ukijumlisha 4 na 13 unapata 17 na hilo ni kosa, ree ya kopa umeihesabu mara mbili. Toa moja, 16/52, gawa kwa 4, ni 4/13.

Swali lililotuchukua muda mrefu kuliko yote ni la sarafu. Chukua sarafu mbili za shilingi mia mbili za Tanzania, upande mmoja Karume upande mwingine simba, zirushe pamoja, uwezekano wa kupata Karume angalau mara moja ni ngapi? Mdogo wangu akasema yapo matokeo matatu, Karume mbili, moja moja, au simba mbili, kwa hiyo 2/3. Sikumlaumu hata kidogo, maana Mfaransa d'Alembert, mwanahisabati mkubwa kabisa, alitoa jibu hilohilo la 2/3 mwaka 1754. Tukaweka alama ya kalamu kwenye sarafu moja ili zitofautiane, tukaorodhesha: KK, KS, SK, SS. Ni manne, na ile "moja moja" inatokea kwa njia mbili. Jibu 3/4.

Njia fupi ya maswali ya "angalau" ni kutafuta kisichotakiwa kisha utoe kwenye 1. Simba zote mbili ni 1/2 × 1/2 = 1/4, ukitoa kwenye 1 inabaki 3/4. Na ukiona jibu lako la uwezekano limezidi 1, mfano 7/5, usianze hata kulirahisisha, rudi juu ukahesabu upya.

Jana nimemwachia hili: vizibo vilevile 20, unatoa viwili bila kurudisha, uwezekano wa kupata angalau kimoja chekundu ni ngapi? Ameanza na visivyo vyekundu, 12/20 × 11/19, akakata 12/20 ikawa 3/5, akapata 33/95, akatoa kwenye 1, ikabaki 62/95.