Kuchora chati ya duara kwa R (lugha ya kompyuta ya takwimu)

Tuseme bajeti ya nyumba ni shilingi 600,000. Andika kiasi kwa maelfu:

x <- c(Kodi=150, Chakula=210, Nauli=80, Umeme=25, Ada=135)
x <- sort(x, decreasing=TRUE)
asilimia <- round(100*x/sum(x), 1)
lebo <- paste0(names(x), " ", asilimia, "%")
pie(x, labels=lebo, clockwise=TRUE, radius=0.7, border="white", col=hcl.colors(5, "Set 2"))

Panga kwanza, lebo baadaye. Ukiunda lebo kabla ya sort, chati itatoka bila onyo lolote, ila kipande cha chakula kitaandikwa "Kodi".

Desimali moja hapo juu ina sababu yake. Ukiiondoa utapata 35, 25, 22, 13 na 4, jumla 99. Ada ni 22.5, na R hukadiria nusu kuelekea namba shufwa, kwa hiyo inakuwa 22 wala si 23.

Bila clockwise=TRUE, vipande huanzia upande wa kulia (penye namba 3 ya uso wa saa) na kuzunguka kinyume cha mishale ya saa, jambo linalomchanganya msomaji. Lebo zikikatwa pembeni, punguza radius au weka cex=0.8 ili maandishi yapungue. Thamani hasi au NA (thamani inayokosekana) ikiwemo ndani ya x, pie hugoma kabisa.

Kuhifadhi, tanguliza png("bajeti.png", width=1600, height=1600, res=200), kisha malizia na dev.off(). Ukiisahau hiyo ya mwisho, picha haitafunguka.

Vipande vikizidi sita, tumia barplot(x), yaani chati ya mihimili. Hata ukurasa wa msaada wa R, ?pie, unaziponda chati za duara: jicho hupima urefu vizuri kuliko ukubwa wa maeneo.