SOMO: Akara ya kunde inayoumuka na isiyokunywa mafuta

Swali linarudi kila wiki: "Akara yangu imelala kama chapati na imekunywa mafuta yote, nimekosea wapi?" Naandika mara moja kwa wote. Someni hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Kwa asiyeijua: ni kitafunwa cha asubuhi Nigeria nzima. Wayoruba na Waigbo huiita akara, Wahausa huiita kosai. Kusini huliwa na uji laini wa mahindi yaliyochachushwa, ambao Wayoruba huuita ogi na Waigbo akamu, au hutiwa ndani ya mkate. Kaskazini mwenzake ni koko, uji wa uwele wenye tangawizi, karafuu na pilipili.

Mahitaji: kunde kavu nusu kilo (nyeupe zenye jicho jeusi, au za kahawia), kitunguu kikubwa 1, pilipili mbuzi 2, chumvi kijiko cha chai 1 na nusu, maji yasiyozidi robo lita, mafuta lita 1. Ngano, mayai, hamira na beking pauda havimo.

1. Chagua kunde, toa mawe.

2. Loweka dakika 15 hadi 20, fikicha kwa viganja, mwaga maganda yanayoelea. Rudia mpaka zibaki nyeupe.

3. Loweka tena saa 1 hadi 2, mpaka kunde ikatike kwa ukucha. Usizilaze usiku kucha: zitajaa maji, na kwenye joto zitaanza kuchacha.

4. Chuja maji yote, saga na pilipili kwa mafungu matatu. Blenda ikikwama izime, koroga kwa mwiko, washa tena, usikimbilie maji. Rojo iwe laini isiyo na chenga, na nzito kiasi cha kudondoka kwenye mwiko kwa bonge. Ikitiririka, umeshaharibu.

5. KUPIGA. Wengi mnairuka hatua hii, na ndiyo akara yenyewe. Kwa kuwa hakuna hamira, kinachoinua akara ni hewa tu. Protini ya kunde hushika mapovu madogo, na mapovu hayo hutanuka yakikutana na mafuta ya moto. Kienyeji hupigwa kwenye kinu cha mbao kwa mchi. Ukitumia mashine ya mkono ya kupigia keki, dakika 5 hadi 7 zinatosha. Kwa mwiko ni 10 hadi 15, na mkono utauma. Rojo hubadilika rangi ikawa nyeupe zaidi, hupanda kwenye bakuli, na mwiko unakuwa mwepesi. Dondosha tone kwenye glasi ya maji: likizama, endelea kupiga, likielea, acha.

ANGALIZO: Blenda haihesabiki kuwa ni kupiga. Inakata tu, hewa inayoingia ni kidogo. Na rojo iliyopigwa haingoji: ukiiacha nusu saa hewa inatoka, itabidi uipige upya.

ANGALIZO LA PILI: Chumvi na kitunguu kilichokatwa vitie wakati mafuta yameshapata moto, tena kwenye fungu unalokaanga sasa hivi tu.

6. Mafuta yawe na kina cha vidole vinne, moto wa wastani. Tone la rojo lizame kidogo na kuibuka papo hapo likitoa mapovu. Chota kwa kijiko, telezesha rojo karibu na mafuta, usijaze karai. Dakika 2 hadi 3 kila upande. Mafuta yakipoa akara inayanywa. Yakizidi moto inaiva nje na ndani inabaki mbichi.

MASWALI

Kisamvu: Nimefuata kila kitu ila niliweka maji vikombe viwili blenda isikwame. Imesambaa yote.

Mtoa somo: Basi hukufuata. Hatua ya 4. Ila rojo usiimwage: tia mafuta nusu kikombe, chumvi na vipande vya yai la kuchemsha, funga kwenye majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni yasipasuke, pika kwa mvuke kama saa nzima. Hiyo ni moin moin.

Bitozi: Unga wa kunde wa dukani je? Sina muda wa kumenya.

Mtoa somo: Utapata akara nzito na ngumu. Unga laini haushiki hewa vizuri. Amua mwenyewe.

Binti Makorora: Samahani dada, kwa nini chumvi mwisho? Na hii ina tofauti gani na bajia zetu za kunde za Pwani?

Mtoa somo: Swali zuri, mdogo wangu. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye kitunguu, rojo inalegea na povu linashuka. Ndiyo maana hata kitunguu usikikate mapema kikalala bakulini. Kuhusu bajia: zetu husagwa zikabaki na chenga, zikatiwa kitunguu saumu na giligilani, na wengi huongeza beking pauda. Zinatakiwa ziwe kavu na za kukwaruza. Akara inatakiwa iwe na ganda jembamba na ndani laini kama sponji. Ukizipiga kunde za bajia yako dakika tano tu kabla ya kukaanga, utaona tofauti hata bila beking pauda.

Mzee wa Ujiji: Mawese yanafaa? Huku kwetu Kigoma ndiyo tunayo.

Mtoa somo: Yanafaa sana, mzee wangu. Wayoruba na Waigbo wengi huona ndiyo yenye ladha yake. Wayoruba waliopelekwa utumwani Brazil walikwenda nayo, na mpaka leo mjini Salvador inakaangwa kwa mawese na kuitwa acarajé. Wao huipasua katikati na kujaza kamba wakavu. Yapashe moto wa wastani, usiyaache yatoe moshi maana yatakuwa machungu, na uyachuje kila baada ya karai mbili tatu. Vipande vya kitunguu vilivyobaki chini vikiungua vinaharibu zinazofuata.