Umeletewa samansi ya kesi ya madai? Haya yaweke sawa kabla siku hazijaisha

Samansi, yaani karatasi ya mahakama ya kukuita kwenye kesi, ikija ipokee na usaini. Kusaini hakuna maana umekubali deni. Ukikataa, aliyeileta anakula kiapo kwamba umekataa na kesi inasonga bila wewe.

Andika tarehe uliyoipata, hapohapo kwenye karatasi. Kama ni mahakama ya wilaya, ya hakimu mkazi au mahakama kuu una siku 21 za kupeleka utetezi wa maandishi. Ukiona hutawahi omba kuongezewa kabla hazijaisha, au zikishapita basi ndani ya siku 7 na uwe na sababu ya maana, na hapo unaongezewa siku 10 tu. Mahakama ya mwanzo wana utaratibu wao, nenda kwa karani ukaulize.

Sasa hili la kasoro, yaani samansi au kesi kuwa na kosa la kiutaratibu, ndo limewaliza watu hapa Tanga. Mjomba wangu ana duka Ngamiani, alishtakiwa deni la mzigo ambao sehemu kubwa alishalipa na risiti anazo kwenye bahasha. Samansi ikaachwa kwa kijana wa dukani, mjomba mwenyewe alikuwa Muheza. Kweli hiyo ni kasoro, mfanyakazi sio mtu wa familia wa kupokelea mtu samansi. Wazee pale barazani wakamwambia hiyo haijakufikia kihalali, tulia, kesi itakufa yenyewe. Akatulia. Kesi ikasikilizwa upande mmoja, hukumu ikatoka, akaja kujua siku dalali wa mahakama kasimama mlangoni na amri anaandika mafriji na mizani ya kukamatwa. Hapo ndo akakimbilia wakili, na bahati siku 30 za kuomba hukumu itenguliwe zilikuwa hazijapita. Akaapa kwamba hakuwa na habari ya kesi. Upande wa mdai wakatoa picha ya samansi ileile, mjomba aliipiga mwenyewe na simu akairusha kwenye grupu la ukoo akiomba ushauri, tarehe na saa zinaonekana. Maombi yakagonga mwamba na zile risiti hazikufunguliwa hata moja. Kwa hiyo mtu wangu, kasoro haijisemei, ukishajua kuna kesi nenda, na kasoro yako ukaisemee mahakamani mapema kabisa.

Kuisema kwenyewe kuna njia, inaitwa pingamizi la awali, na liwe la kisheria tupu. Ukisema sahihi ni ya kughushi huo ni ushahidi, subiri zamu yake. Angalia mambo kama haya: hiyo mahakama ina mamlaka? Shamba lipo Pangani kesi imefunguliwa Dar kwa nini? Hili la mahali hasa usilichelewe, ukinyamaza mwanzoni ukaja kulitoa kwenye rufaa hawakusikilizi. Muda je, madai ya mkataba mwisho miaka 6, ya madhara uliyomfanyia mtu 3, ardhi 12. Na je mlishawahi kuamuliwa jambo hilohilo?

Ila usishangilie mapema. Kesi ikiondolewa kwa kasoro ya makaratasi mdai anarekebisha anafungua upya, na siku hizi toka sheria ilivyobadilishwa 2018 mahakama hazitaki kuua kesi kwa vikasoro vidogo. Iliyotupwa kwa kupitwa na muda hiyo ndo imekwisha, labda akate rufaa. Kwa hiyo pamoja na pingamizi jibu madai yote, aya kwa aya, ukiacha aya bila kuikana inahesabika umeikubali.

Mengine ni ya kawaida. Tunza kopi ya kila kitu, ukipeleka utetezi hakikisha ada imelipwa, tarehe ya kesi uisikie mwenyewe usiagizie mtu. Huna hela ya wakili tafuta msaada wa kisheria, sheria yake ipo toka 2017, usimpe hela mtu wa nje ya geti anayesema anamjua hakimu. Usisaini makubaliano kwenye korido bila kuyasoma, hata kama mdai ni ndugu yako, na hasa akiwa ndugu yako.